Kibao cha Mtunga Kamusi

Jumatatu, 3 Machi
Halmashauri imeanza kupigilia vibao kwenye nyumba za mtaa wetu mkongwe, kuonyesha mtu gani mashuhuri aliishi wapi. Nyumba isiyo na kibao itabomolewa, barabara ipanuliwe. Fundi cherehani, jirani yangu, amepata chake leo. Eti mwimbaji fulani wa zamani alipanga kwake miaka miwili. Tangu asubuhi amekipangusa mara nne. Mimi sina mtu. Nyumba ya marehemu baba imekaliwa na watu wa kawaida tu miaka yote! Uzembe mtupu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mtu! Karani wa halmashauri anasema mtunga kamusi maarufu aliishi mtaa huu, ila nyumba yake haijulikani. Sasa inajulikana. Nimeandika barua yake kwenye karatasi iliyolowekwa chai. Nimetoa na miwani yake. Mke wangu akasema hiyo ni miwani ya babu yake, muuza mkaa. Nimemwomba apunguze sauti.

Alhamisi, 6 Machi
Karani amekuja kukagua. Mpole, daftari kubwa. Akainusa barua, akasema inanukia tangawizi. Nikamwambia marehemu alikuwa mpenzi wa tangawizi. Akaandika! Akauliza mzee alikaa muda gani. Fundi cherehani alikuwa dirishani kwake, katega sikio. Nitoke sare na huyu? Nikasema miaka ishirini, tena alifia chumba cha mbele, mikononi mwa bibi yangu. Mke wangu akaenda jikoni, hakurudi.

Jumatatu, 10 Machi
Kibao kimefika. Kikubwa mara mbili ya cha jirani! Kimekuja na barua. Nyumba alimoishi mtu mashuhuri, mwenye nyumba anabaki. Nyumba alimofia inakuwa makumbusho, wakazi wahame ndani ya siku saba. Nikamwambia karani huenda mzee alifia hospitali. Akajibu kwa upole kwamba ameshaandika kwa wino. Nimelia. Nilizaliwa katika chumba kile cha mbele.

Jumapili, 16 Machi
Tumehamia ukweni. Mama mkwe ametupa chumba cha uani, akauliza kama nitakaa sana. Mke wangu haongei nami. Mama mkwe amesema mara tatu kwamba mtaka yote hukosa yote. Sijui anamsema nani.

Ukuta wa mbele hapa ni mpana, hauna kitu. Kesho nitamuuliza karani kama mtunga kamusi hakuwa na mdogo wake. Kama alikuwa naye, basi alikaa humu miaka thelathini, na alifia chumbani kwa mama mkwe.