Ombi la Kurudishiwa Neno "Kocha"

Tempe, Arizona
3 Machi 2024, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Millersfork, Indiana

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hunifikia huku jangwani siku nne baada ya kutoka, nami hulisoma lote, hata matangazo ya mbegu za mahindi. Toleo lililopita, lenye habari za ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo chetu kutimiza miaka sabini na mitano, limenijeruhi. Nimealikwa kwenye sherehe ya mwezi ujao na tiketi ya ndege ninayo. Lakini siwezi kuingia mlango ule kwa cheo mlichonipa. Naomba masahihisho, kwa sababu hizi:

1. Mmeorodhesha watu tisa waliopata kuifundisha timu. Wanane mmewaita Kocha. Elwood Graber, aliyeshika timu mechi saba mwenzake alipokuwa akiuguza mgongo, akafungwa zote saba, ni "Kocha Graber". Mimi niliyeshinda mechi mia mbili na kumi na moja ni "Bw. Verlin Knepp, mtendaji wa michezo". Wewe ni mzaliwa wa Indiana. Unajua kwamba kwetu jaji akistaafu huwa jirani tu, lakini aliyewahi kupuliza filimbi mbele ya watoto watano ni Kocha mpaka kaburini.

2. Madhara yameanza. Juzi nilimpigia simu Dwight Raber, aliyekuwa msaidizi wangu na akarithi benchi langu. Akapokea, "Haloo, Ko..." halafu akajikohoza. "Samahani, Bwana Mtendaji. Tumesoma gazeti." Mkewe akadakia kwa nyuma, "Hebu muulize, siku hizi anaoga na tai?" Nilikata simu. Tai huwa naivua.

3. Mtasema mtendaji nilikuwa kweli. Nakubali, na ushahidi dhidi yangu nautoa mwenyewe. Miaka ishirini na miwili nilikuwa makamu wa rais wa klabu ya wachezaji wa kulipwa, na mpaka leo sijui kazi yenyewe ilikuwa ipi. Niliongoza vikao vya kuchagua rangi ya viti, kisha kikao cha kutathmini vikao vile. Siku moja wakuu wa idara walichelewa, nikawaamuru wakimbie ushoroba wa ofisi mara kumi, kwenda na kurudi. Mkuu wa mauzo, mtu wa miaka sitini, alikimbia mara mbili akaketi sakafuni. "Verlin, ndugu yangu," akasema akihema, "mimi nauza tiketi tu." Sasa niambie, aliyetoa amri ile ni mtendaji? Yule ni Kocha aliyepotea njia.

4. Hili ndilo zito. Marehemu mama yangu alijichongeshea jiwe la kaburi akiwa hai, asije akapunjwa maneno. Limeandikwa: "Opal Knepp, Mama wa Kocha." Hata jina la baba hakuliandika. Kwa maandishi yenu, mama yangu amelala chini ya uongo. Ama mnirudishie neno langu, ama mtume fundi akachonge "Mama wa Makamu wa Rais wa Uendeshaji". Ila naonya kwamba jiwe halitatosha, itabidi maneno yaendelee kwenye jiwe la jirani yake, naye alikuwa mcha Mungu asiyependa makuu.

5. Kwa hiyo nadai masahihisho ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene. Pia mgahawa wa mtaa mkuu uirudishe kwenye orodha yake "Sandwichi ya Kocha", ile yenye nyama ya nguruwe pana mara mbili kuliko mkate wake. Na ili haki itendeke, Graber aitwe Nusu Kocha.

Nisalimie Raber na mkewe mwenye ulimi, akina mama wanaouza bisi mlangoni, na wote wanaokaa upande wa kaskazini wa ukumbi, ambako paa huvuja.

Nangoja gazeti lijalo kwa heshima,
Kocha Verlin Knepp

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nimemsomea binti yangu Noreen. Hakucheka. Siku nilipoondoka kwenda kwenye kazi ile ya klabu alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameketi juu ya sanduku langu nje ya chumba cha wachezaji, na anakumbuka nilichojizoeza kukisahau. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu kufika mashindano ya taifa, ya kwanza katika maisha ya chuo. Nahodha, Lamont Tibbs, alinifuata mlangoni. "Kocha! Sasa tutacheza chini ya nani, Kocha?" Nami nikamjibu, "Mimi si Kocha tena, kijana. Niite Bwana Knepp." Wenzake wote walisikia. Baba yako, aliyekuwa mhariri wakati huo, alikuwepo na daftari lake.

Gazeti halikukosea. Limetii agizo langu miaka thelathini na mmoja. Usisahihishe chochote. Kama Lamont atakuja kwenye sherehe, mpeni kiti changu.

Mimi sitarudi.