Nilienda Kuhifadhi Picha za Baba

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Nimefika nyumbani sasa hivi, nimefunga mlango, nimefunga na pazia. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Mnajua marehemu baba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa Riruta, chumba kimoja kando ya bucha, na ukutani alikuwa amechora ndege kubwa ya abiria, ya watu kupigiwa picha mbele yake. (Ilikuwa na bawa moja. Rangi iliisha.) Riruta nzima ilisafiri kwa hiyo ndege: maharusi, wanafunzi waliomaliza shule, wanaume waliovaa miwani ya jua ndani ya nyumba wakiongea kwa simu ambayo waya wake haukuenda popote.

Baba alipotuacha, nikachukua negativu zake na kuzipiga skani moja moja, nikaziweka zote kwenye diski ya nje. Negativu zenyewe zikaja kuliwa na unyevu. Kwa hivyo baba yangu amebaki ndani ya diski. Na wiki hii diski ikaanza kulia. Tik. Tik. Tik. (Sikulia. Haya, nililia kidogo.)

Leo wakati wa lunch nikakimbia nayo mjini kwa duka la Bhavesh, muuzaji wa kompyuta ambaye binamu yangu alimsifu kwamba anaelezea mtu polepole. Nikamwambia nataka diski mpya, na programu ya kutunza nakala.

"Madam, programu ni mingi," akasema. "Hii ya kwanza inafuata kila kitu unafanya. Ukifuta picha huku, na kule inafuta."

"Hapana! Hivi vidole vyangu havina akili."

"Basi hii ya pili. Inafunga picha zote kwa faili moja kubwa. Safi sana. Lakini bila hii programu, hakuna kufungua."

"Na nikifa? Watoto wangu watafungua na nini, na shoka?"

Akacheka, akakuna ndevu. "Basi hii ya tatu. Inakopi kitu kipya tu, picha inabaki picha ya kawaida, na ukifuta kwa bahati mbaya, ile ya zamani imewekwa kando. Lakini usinunue maneno yangu. Tukopi folda moja, tuirudishe, tuone kama zinafunguka. Kama hazifunguki, hiyo si bakap, hayo ni matumaini."

Nikampenda hapo hapo. Tukakopi. Tukarudisha. Akaanza kufungua picha moja baada ya nyingine, mimi nimeegemea kaunta.

Ya kwanza: mimi! Mtoto asiye na meno ya mbele, ndani ya shela ya bibi harusi ya kukodisha, nimenuna kama nimelazimishwa kuolewa.

"Huyo ni mimi," nikamwambia Bhavesh. "Baba alikuwa ananitumia kupima taa. Unaona nimeshikilia maua hapo chini? Nilikuwa nimejikojolea."

Nje nikasikia sauti ya mwanamke kwenye spika. Nikajua ni wale wahubiri wa saa ya chakula. Nikaendelea.

"Na huyu wa gauni jekundu alikuwa anakuja kupigwa picha kila wiki. Kila wiki! Mama akashuku. Siku moja akajipaka mafuta, akaja studio, akaketi karibu naye, akamwambia baba, 'Leo piga ya watu watatu. Na wewe ingia.' Ile picha mimi ndiye nilibonyeza. Fungua inayofuata. Ndiyo hiyo! Ona vile baba anatoka jasho!"

Huko nje watu wakalipuka kwa kicheko. Nikawaza, leo mhubiri amebarikiwa kweli.

Halafu ikaja picha ya baba peke yake. Hakupenda kupigwa picha, mnajua. Hiyo moja nilimvizia akiwa amechuchumaa mbele ya mtoto, amecheka mpaka macho yamepotea.

"Alikuwa anawachekesha watoto wagumu," nikamwambia Bhavesh. "Alikuwa analia kama kuku. Hivi."

Nikalia kama kuku. Si kidogo. Kuku mzima anayetaga, na mabawa nikapiga.

Na huko nje, kuku mkubwa akalia kwenye spika.

Nikanyamaza. Mhubiri akanyamaza. Nikasema, "Ala!" Mhubiri naye akasema, "Ala!"

Ndipo nikaangalia chini ya kiwiko changu. Maikrofoni! Ile anayotumia kijana wao wa kutangaza bei mlangoni. Ameenda kula, ameiacha imewaka. Nikageuka dirishani. Kulikuwa na televisheni kubwa imeangalia barabara, na ndani yake baba yangu anacheka. Mbele yake, umati. Walinzi, watu wa ofisi, mama wa mahindi, wote wamejaa kwa kioo.

"Madam, pole," Bhavesh akanong'ona. "Hiyo skrini imeunganishwa na kompyuta. Nilisahau."

"Mathe!" mtu akaniita kwa kelele. "Rudisha ile ya watu watatu!"

Nilikuwa natafuta pa kuingia chini ya kaunta mlango ulipofunguliwa. Mwanamume wa tai, mvi zimeanza.

"Samahani, dada. Hiyo ndege ya bawa moja, si ilikuwa Riruta? Mama yangu alipigwa picha pale, amenibeba. Yetu iliungua na nyumba."

Aibu ikaketi kando kwanza. Tukatafuta, folda baada ya folda, umati nao umesimama tu. Tukampata mama yake. Kanga mpya, kidevu juu, na mgongoni mtoto amepasua mdomo kwa kilio. (Kumbe kuna mtoto aliyemshinda hata baba.) Yule mwanamume akasogea karibu. Aliweka kiganja kwenye skrini, akakiacha hapo. Bhavesh akamwekea picha kwenye simu.

Nikalipia programu ya tatu na diski mpya. Kabla sijatoka, simu. Mama.

"Nekesa, nimetumiwa video. Mbona Riruta nzima inanipigia kuuliza kama nilimshinda yule mwanamke wa gauni jekundu?"

"Mama, nisamehe, sikujua maikrofoni..."

"Sikuulizi habari ya maikrofoni. Waambie nilimshinda." Akashusha sauti. "Na hiyo ya baba yako akicheka, niletee. Kubwa, ya ukutani."

Basi ndiyo hivyo. Nawaomba jambo moja tu: kesho mkinikuta njiani, nisalimieni kwa lugha ya binadamu.