"Simama! Huu ni Mwisho"

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu Mkuu ameniita ofisini. Kidato cha tatu wamechoshwa na tamthilia ileile waliyosoma hata dada zao. Anataka niwachagulie riwaya ya picha. Ijumaa nitaitetea mbele ya walimu. Ikikataliwa, tunarudi kwenye tamthilia. Hatimaye shahada yangu imepata kazi! Mwalimu wa Hisabati alidakia kwamba kumbe Profesa, yaani mimi, atafundisha katuni. Nilimfafanulia tofauti, kwa upole, kipindi kizima. Alisinzia. Hoja zilimwelemea.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Tafsiri ya kitabu cha nchi ya mbali. Ukurasa wa kwanza hauna picha, ila maneno haya tu: "Simama! Huu ni mwisho." Falsafa nzito. Mjane anamzika mumewe, kisha wanagombana, kisha wanafunga ndoa, kisha wanapishana sokoni bila kujuana. Mapenzi kama usahaulifu! Nimeandika utetezi mrefu. Mama alichungulia, akauliza mbona hawa watu wanajibu kabla ya kuulizwa. Nikamwambia ni mbinu. Akasema haya, mwanangu, akarudi kwenye sufuria yake.

Ijumaa, 7 Machi
Chumba cha walimu kilijaa. Nilipofika kwenye usahaulifu, Mwalimu wa Hisabati aliomba kitabu, akakigeuza, akakifungua upande wa pili. Akasema kaka yangu, vitabu vya nchi hiyo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto; onyo la ukurasa wako wa kwanza ni la waliokosea mlango. Chai ilimpalia Mwalimu Mkuu. Nilijibu papo hapo kwamba kazi bora husomeka pande zote. Kicheko!
Mwalimu Mkuu akakisoma inavyotakiwa, akafuta machozi, akakipitisha. Ushindi! Ila Mwalimu wa Hisabati ndiye atakayewaonyesha wanafunzi namna ya kukifungua. Katika somo la Fasihi! Mtu wa namba!

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa ni la mfasiri, aliyeandika onyo kwa mtindo wa kishairi. Sasa natafuta kitabu cha pili, na safari hii hanicheki mtu. Nimenunua kazi ya mchoraji wa mtaa wa pili na kuanza nyuma moja kwa moja. Majambazi wanatoka gerezani, wanapeleka dhahabu dukani, wanamfungua sonara kamba, wanaondoka mikono mitupu. Sijapata kuona wahusika waungwana namna hii! Utetezi nimeshauanza.