Gari Lenu la Moshi Ni Zuri Mno

Kambi ya Kiwanda,
Kericho.
Alhamisi, mwezi wa sita, 1934.

Kwa Bwana Mkubwa wa Safari za Starehe,
Nairobi.

Bwana mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na makarani wako wote. Mimi pia ni mzima, ila harusi yangu ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe umetoka kwenye gari lenu la moshi.

Jina langu ni Joab Otiende, mtu wa Nyakach. Kazi yangu iko hapa kiwandani, juu darini, mahali majani mabichi ya chai yanapotandazwa yanyauke kabla ya kupelekwa kwenye mashine. Mimi si mtu wa kulalamika. Hata mvua ya mawe ilipotoboa paa la nyumba yangu, nilisogeza kitanda tu. Lakini hili limenizidi, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Habari yenyewe ni hii. Nataka kumuoa Jerusa. Jerusa anataka kuolewa nami. Baba yake alifariki zamani, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni mama yake, Bi. Ayoo. Huyu mama amesikia kwamba Kericho ni baridi, na msichana wa jirani yake alirudi kutoka huku akikohoa. Akasema hawezi kumtupa mtoto wake mawinguni kabla hajaja kuyaona hayo mawingu. Basi nikaenda Kisumu kumchukua, aje aangalie mwenyewe, kisha atoe jibu Jumapili baada ya ibada.

Sijui kwenu mambo ya mama mkwe yakoje. Kwetu Wajaluo hatazamwi usoni, hashikwi mkono, wala huwezi kula chakula akikuona. Wahubiri wanasema mambo hayo yamepita, na mimi nimebatizwa, lakini nadhani maji hayakufika shingoni, kwa sababu nikimwona Bi. Ayoo shingo inageuka yenyewe. Tena mwanamume hajiposei. Ana mtu wa kumsemea, tunamwita jagam, na huyo ndiye hubeba maneno yake mpaka kwa mama wa msichana. Jagam wangu alikuwa mjomba. Wiki ile homa ikamlaza, nami nikasafiri kama mtu aliyesahau mdomo nyumbani.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa namba, ili makarani wako wasihangaike.

1. Siku ile gari la kawaida halikuwepo. Tuliambiwa kuna gari la wageni walioshuka melini, wanapelekwa Nairobi polepole huku wakionyeshwa mahali penye historia, na sisi wa daraja la tatu tumefungiwa behewa moja mkiani. Mimi nilikuwa nimepanga Bi. Ayoo akae behewa moja na mimi jingine, kama watu wenye akili. Badala yake tukawa ndani ya behewa hilo moja, lenye mabenchi yanayotazamana. Ningefanya nini? Nilijifunika blanketi kichwani, nikaugeukia ukuta, nikasimama hivyo tangu Kisumu. Ukuta wenu naujua vizuri sasa. Misumari ya upande wa kushoto imepigwa ovyo, na mtu mmoja amechonga hapo jina la ng'ombe wake. Naomba mjenge behewa la wakwe, lenye ukuta katikati, na ukuta huo usiwe na tundu.

2. Gari lilisimama Fort Ternan ili wageni waone historia. Haya sikuyaona kwa sababu ya lile blanketi. Nimeyapata kwa Kiarie, mtu wa Kiambu, ambaye ameuza vitunguu Kisumu miaka mingi hata Kijaluo amekijua, na siku hiyo alikuwa benchi la karibu na gunia lake. Yule mtu wenu wa kueleza historia aliwaonyesha wageni kilima kidogo akasema ni kaburi la mfalme. Kiarie anasema hapo alizikwa punda wa stesheni, na yeye mwenyewe alisaidia kushika miguu ya nyuma. Kisha mtu wenu akawaleta wageni kwenye dirisha letu, akanionyesha mimi, akasema kuna kabila hapa linaloabudu mbao. Wakapiga picha. Yaani, Bwana, nimeingia katika historia ya nchi hii, na nimeingia kwa mgongo. Mimi ni Mkristo. Sijawahi kuomba ubao kitu chochote.

3. Gari lenu lilimchukua mama mkwe wangu bila kuniarifu.

Ilikuwa hivi. Alishuka papo hapo Fort Ternan kunyoosha miguu. Akakuta wageni wamekusanyika kusikiliza mambo ya yule punda, naye kwa adabu yake akasimama nao akitikisa kichwa, ingawa hajui Kiingereza hata neno moja. Wakati wa kupanda, memsabu mmoja mzee mwenye kofia pana aliteleza kwenye ngazi za behewa la mbele. Bi. Ayoo akamdaka. Memsabu akaushika mkono ule na hakuuachia tena, na filimbi ilipolia walipanda wote wawili. Mkagua tikiti alikuja kumtoa Bi. Ayoo, maana viti vile havikuwekwa kwa ajili ya ngozi kama yetu. Memsabu akamwambia neno moja fupi, yule bwana akaondoka na masikio mekundu. Neno hilo ningependa kufundishwa, lingenifaa sana hapa kiwandani.

Mimi nyuma sikujua lolote. Kiarie alipoona nafasi ya mama imebaki wazi, akaliweka gunia lake hapo lisikanyagwe. Na mimi, Bwana, niliendelea kuliheshimu gunia la vitunguu kutoka Fort Ternan mpaka Lumbwa, stesheni yetu ya kushukia.

Kibaya zaidi, ni hapo ndipo nilipata moyo wa kusema. Najua ni utovu wa adabu mwanamume kujisemea kwa mama mkwe, lakini mjomba alikuwa kitandani na stesheni yetu ilikuwa inakaribia. Nikasema yote, uso ukutani. Nilisema sina mifugo ya kujivunia, lakini pombe siinywi na mkono wangu haumpigi mtu. Nilisema kuta za nyumba nimezishonea magunia ndani ili upepo usipite, na paa nitaliziba kabla Jerusa hajafika. Nilisema akikohoa mara ya kwanza nitampa blanketi langu, na akikohoa mara ya pili nitamrudisha kwa mama yake mimi mwenyewe, nimbebe ikibidi, kwa sababu afadhali nimkose akiwa hai. Nilisema nampenda. Neno hilo sijawahi kulisema mbele ya mtu, na lilinitoka kwa shida kama jino.

Kumbe nimeviambia vitunguu. Kiarie hakunikatiza, anasema alidhani nimeanza sala. Anasema pia kwamba alilia, lakini ukiangalia mzigo aliokaa nao, siwezi kujua kama yalikuwa maneno yangu.

4. Hili ndilo lalamiko kubwa. Gari lenu ni zuri mno.

Lumbwa niliinua pindo la blanketi, nikamwona mama mkwe wangu anashuka kwenye behewa la wakubwa, keki mkononi ndani ya kitambaa cheupe, na memsabu anampungia dirishani. Tukapanda lori kuja Kericho, yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya masanduku matupu ya chai, nikinyeshewa. Tangu siku hiyo hana habari nyingine. Amefikia kwa Katekista Phelix na mkewe Dorcus, kwa kuwa mama mkwe halali kwa mkwe, na usiku na mchana Dorcus anasimuliwa viti vyekundu vinavyozama, taa yenye shanga, na zulia ambalo mguu ukilikanyaga hausikii kitu.

Juzi Phelix alimpeleka kuiona nyumba yangu. Mimi nilijificha nyuma ya bafu. Aliuliza zulia liko wapi. Aliuliza kama viti vyote ni vigumu au ni kile kimoja tu. Kisha akakaa dirishani muda mrefu akitazama nje, mpaka Phelix akaogopa, halafu akauliza mbona huku nje hakubadiliki. Tangu lini nyumba ya mtu ikatembea, Bwana? Lakini kwake yeye, nyumba isiyopita milimani ni nyumba iliyoharibika.

Na chai pia. Humo ndani alinyweshwa chai nzuri sana, akaonyesha kikombe kwa vidole kuuliza inatoka wapi, wakamwambia Kericho. Sasa anamuuliza Phelix kwa nini mtu anayetengeneza chai ile ana vumbi tupu kwenye kopo lake nyumbani. Swali hilo linataka mtu mkubwa kuliko mimi kulijibu, na naliacha hapa mezani kwako.

Jumapili inakuja. Nikimkosa Jerusa sitaoa mwingine, na sisemi hivyo kwa kutisha ofisi. Nasema kwa sababu nimejaribu kufikiri habari za mwingine, nikashindwa. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote:

(a) Liharibuni kidogo behewa lile la viti vyekundu. Msumari mmoja kitini utatosha, na moshi uingie kwenye vikombe. Kama mkikosa fundi wa kuharibu, yule aliyepiga misumari ya behewa letu anaweza.

(b) Kama hamtaki kuliharibu, basi mlilete hapa, nioe ndani yake. Naelewa reli haifiki Kericho. Itandikeni kutoka Lumbwa, ipite kwenye vichaka vya chai, ije mpaka mlangoni kwangu. Mlango wangu uko wazi upande wa magharibi. Mama akitaka nje kubadilike, dereva atasogeza mbele kidogo, kisha atarudi nyuma.

(c) Kama hilo pia ni zito, mng'oe reli yote kati ya Kisumu na Lumbwa. Mama atarudi kwao kwa miguu, na mtu akifika Muhoroni kwa miguu, nyumba yoyote yenye kiti inaonekana ikulu. Mkishang'oa, wageni wenu nao watatembea na kuiona historia kwa karibu, hata kumuuliza aliyemzika punda. Baada ya harusi mnaweza kuirudisha reli. Nitakuja mwenyewe kushika upande mmoja.

Sidhani nimeomba makuu. Heshima si utumwa, nami nimewaheshimu hata pale mliponipiga picha.

Nisalimie mkeo na watoto, na mama mkwe wako, kwa mbali inavyofaa. Msalimie dereva, mtia makaa, mpishi wa keki, na yule mkagua tikiti mwenye masikio mekundu. Mtu wa historia mwambie simchukii, ila amwombe radhi punda.

Ni mimi mwenye shingo iliyopinda kwa heshima,

Joab Otiende

Nyongeza, Ijumaa asubuhi, barua ikiwa bado mkononi:

Bwana, tafadhali ngoja kwanza. Usimwite fundi.

Jana jioni Kiarie alipita kambini na vitunguu vyake, akafika mlangoni kwa Dorcus. Bi. Ayoo akamtambua, akamuuliza kama mimi, mtu wa blanketi, nilikuwa mgonjwa siku ile. Kiarie akakaa chini akamweleza yote kwa Kijaluo chake cha sokoni. Habari ya ukuta, habari ya gunia, na maneno yangu yote aliyakumbuka, magunia ya ukutani, kikohozi cha kwanza na cha pili, mpaka lile neno lililonitoka kama jino.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akanunua vitunguu. Kisha akamtuma Phelix aniite, nami nikasimama nje nyuma ya ukuta wa jiko, na akasema kwa sauti ya kunifikia.

Kwanza alisema kama angekuwa kwenye benchi lile na kunisikia nikijisemea mwenyewe kama mtoto asiye na wazee, angeshuka stesheni ya pili na kurudi kwao, na mimi nisingemwona Jerusa tena. Lakini yeye hakunisikia. Maneno yameletwa kwake na mdomo wa mtu mwingine, kama desturi inavyotaka, na kama jagam huyo anatoka Kiambu na ananuka vitunguu, desturi haikukataza. Habari ya zulia alisema ni ya miguu ya wageni, na Jerusa nyumbani kwangu hatakuwa mgeni.

Halafu akasema neno ambalo nimelala nalo: "Mtu aliyeliheshimu gunia la vitunguu namna ile, mtoto wangu atakosa nini kwake?"

Bwana, nililia pale nyuma ya jiko, na mimi sikuwa karibu na kitunguu chochote.

Kwa hiyo namba moja ifute, behewa la wakwe lisijengwe kamwe, kuna vijana wengine nyuma yangu. Namba mbili, mtu wenu aendelee kusema tunaabudu mbao, aongeze tu na vitunguu. Namba tatu, mshukuruni yule memsabu kwa kunichukulia mama mkwe wakati ule ule uliofaa. Namba nne, viti visiguswe. Swali la chai nimeliacha palepale mezani kwako, kwa sababu Mama bado analiuliza.

Na reli muiache kama ilivyo. Jerusa anakuja nayo Jumamosi ijayo.

J. O.