Mashine ya Mstari wa Kijani na Viatu vya Shangazi

Leo nimetangazwa marehemu nikiwa nimesimama wima, macho wazi, mbele ya Katibu Tarafa. Nawaandikia haraka nyie rafiki zangu wawili huko Mwanga kabla Zakaria hajawafikishia habari na chumvi yake.

Mnaikumbuka osiloskopu niliyowasimulia? Ile mashine ya maabara yenye kioo cha duara na mstari wa kijani, ya kuonyesha umeme unavyotembea. Mwalimu Mshana aliamua mwanafunzi mmoja aende nayo Moshi kwenye maonyesho ya Sabasaba, awaeleze wananchi. Mmoja tu! Tena kwa Landrova! Tulibaki wawili: mimi, na Zakaria wa kidato cha nne, ambaye anajua fizikia. (Mimi najua kuongea.) Leo wazazi walikuwa wanakuja shuleni pamoja na Katibu Tarafa, na Mwalimu akasema tutajaribiwa mbele yao.

Basi asubuhi nikajitia bidii. Nikapiga deki maabara nzima, nikamwaga maji kama nanywesha mahindi, sakafu ikameremeta. Nikavua katambuga zangu zisiache alama, halafu nikazitazama vizuri. Tairi la lori, limekatwa na kupigwa misumari. Kiongozi mzima anione nazo? Nikazisukuma chini ya kabati. Bora peku. Peku ni uzalendo.

Wageni wakaingia sakafu ingali na maji. Baba hakuweza kuja, akamtuma dada yake, shangazi Nakiete, aliyeteremka kutoka Chome na viatu vyake vya kanisani: vya plastiki, vyekundu, vyenye ua jeupe puani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya kuwajulisha wote kwamba mtaalamu ni wa kwao.

Zakaria akaanza. Akaeleza volti, akaeleza masafa, akaeleza mpaka mzazi mmoja akapiga mwayo wenye vituo. Ikawa zamu yangu.

"Ndugu wananchi, mashine hii inasoma moyo!"

Mwalimu Mshana akageuka. (Hatukupatana hivyo.) Lakini nilikuwa na siri yangu. Ukishika kwa kidole ile ncha ya kupimia, inayoitwa probu, mstari unaanza kucheza mawimbi. Kwa kila mtu! Nimewapima kidato cha kwanza wote, na tangu siku hiyo wananichotea maji.

"Mstari ukipanda na kushuka, moyo ni mwema," nikaendelea. "Ukilala, mwenye moyo huo ni mwongo. Au ni marehemu."

Nikamwita shangazi. Akashika kwa woga, kama anashika mkia wa nyoka. Mawimbi yakaruka! Milima mitupu, kama unatazama Upareni kutoka stesheni.

"Moyo wa huruma huu," nikasema. "Hauwezi kumsahau mtoto wa kaka yake."

Vigelegele! Akaja Katibu Tarafa na buti zake nene. Mawimbi yakapanda mpaka yakatoka nje ya kioo.

"Moyo wa kiongozi hautoshi humu, Ndugu!"

Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Nikaiona Landrova. Nikaona na upepo wake.

Ndipo Zakaria akafungua mdomo.

"Na wako je? Tuonyeshe, daktari."

"Kwa raha zangu," nikajibu, nikaishika probu.

Mstari ukalala.

Nikadhani sijabana vizuri. Nikabana. Nikabadili kidole. Nikaiweka puani. Nikaing'ata kwa meno. (Msijaribu.) Mstari ulitetemeka kidogo kama mzee mwenye baridi, kisha ukalala tena.

"Mwongo!" mtu akapaza sauti kutoka dirishani.

"Au marehemu," Zakaria akamkumbusha, taratibu, kwa adabu zote.

Shangazi akashika kichwa. "Jamani mtoto wa kaka yangu! Nilisema! Nilisema maharage ya shule hii yenye wadudu yatamwua!" Hayo akiyasema mkuu wa shule amekaa kiti cha pili kutoka kwake.

Katibu Tarafa akanisogelea, akanitazama usoni kama anakagua ng'ombe wa mnada.

"Kijana, unajisikiaje?"

"Mzima, Ndugu."

"Mashine inasema vingine."

Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu Mshana peke yake hakucheka; alikuwa anaitazama miguu yangu. Akaja mbio, akaninyang'anya probu.

"Peku! Kwenye maji! Kando ya umeme! Wewe unataka uwe marehemu kweli?" Kisha akawageukia wageni. "Hakuna cha moyo hapa. Nyaya za ukutani zinatoa mtikisiko, na mwili unaudaka kama waya wa redio. Mwenye viatu, mtikisiko unambakia, mashine inauona. Huyu miguu yake iko majini, kwa hiyo wote unamtoroka kwenda ardhini. Avae viatu, mtaona."

Katambuga zangu zilikuwa chini ya kabati, na kabati hilo limeegemewa na wazazi sita. Shangazi hakungoja. Akapandisha miguu juu ya benchi, akavua.

"Vaa, mwanangu. Vaa ufufuke."

Nikavaa. Visigino vikabaki nje, vikining'inia juu ya maji, ua jeupe likamtazama Katibu Tarafa. Nikashika probu mara moja tu, Mwalimu akiwa kanishika shati kwa nyuma.

Milima! Milima mpaka juu!

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Shangazi alicheza akiwa amekaa. Mkuu wa shule alijifuta machozi. Katibu Tarafa akasema hajaelewa umeme maisha yake yote mpaka leo, na wananchi wa Moshi nao lazima wauelewe hivi hivi.

Kwa hiyo nakwenda Sabasaba! Zakaria naye anakwenda. Yeye ataeleza. Mimi kazi yangu ni kufa na kufufuka: Mwalimu ataiwasha mashine kwa betri ili nisife kweli (mtikisiko utatoka kwenye nyaya za banda), nitasimama kwenye karai la maji nikiwa peku, halafu nitavaa vile vyekundu. Shangazi ameniazima kwa sharti moja: vikirudi vimepanuka, ataingia navyo kanisani mimi nikiwa nimemshika mkono, nikiwaeleza waumini sababu.

Bweni zima sasa linaniita Marehemu. Nyie msicheke. Na kama hamwezi, chekeni nikiwa peku. Nikiwa hivyo, kwa mujibu wa mashine, mimi ni marehemu, sisikii kitu.