Macho ya Refa Kipenga

Jumatatu, 3 Juni

Barua kutoka Baraza la wataalamu wa afya. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Maneno ni yaleyale. Natakiwa kufika Ijumaa mbele ya kamati ya maadili. Kosa: kumtukana refa kwenye mechi ya mabinti, na kutangaza kwamba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, bila kumpima.

Bila kumpima! Hapo ndipo pameniuma. Kutukana nimetukana, uwanja mzima ulisikia. Lakini mimi, daktari wa macho, niitwaye Mama Macho mtaa mzima, nitoe jibu bila kupima? Kama kanjanja!

Mume wangu anasema niombe radhi, yaishe. Kwake yeye kila kitu ni yaishe. Haoni kwamba kama refa kweli ana mtoto wa jicho, basi sikumtukana. Nilimhudumia bure. Kilichobaki ni kumpima tu, mwenyewe asijue.

Jumanne, 4 Juni

Refa ni fundi funguo. Siku za mechi ndiyo hupuliza filimbi, kwa hiyo watu humwita Kipenga. Nimemwendea kibandani na ufunguo wa kabati letu, miwani ya jua usoni, mtandio hadi puani. Mpango: achonge nakala, mimi nimchungulie. Mwenye mtoto wa jicho ataweza wapi meno ya ufunguo?

Amechonga bila hata kuinama. Kisha akasema karibu Daktari, na kwamba soksi zangu hazifanani.

Hazikufanana kweli. Nimerudi nyumbani nimenywea. Nakala imefungua kabati mara ya kwanza, ilhali ufunguo wa zamani hukwama kila siku. Jambo moja limenishangaza: hapakuwa na mteja mwingine. Zamani pale ulikuwa unasubiri zamu.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili. Kama macho ni mazima, basi ile penalti aliyowapa wapinzani, iliyonitoa matusi, ilikuwa ya uonevu, na mama yeyote angepandwa na hasira. Shahidi ni kitindamimba wetu, beki aliyesingiziwa. Nimemwita jikoni, nikamfundisha la kusema.

Alisikiliza huku akikausha sahani ileile moja. Halafu akaanza kulia. Akasema aliivuta kweli jezi ya mpinzani, tena kwa mikono miwili. Refa aliona sawasawa. Yeye alinyamaza kwa sababu mama yake alikuwa keshasimama anapiga kelele kwa ajili yake, akaona haya kuniangusha.

Aniangushe mimi! Nimemkumbatia pamoja na sahani yake. Nimemwambia hatakwenda mbele ya kamati yoyote. Mdomo ni wangu, nitaubeba mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Kamati. Watu watatu na jagi la maji. Nilikuwa na hotuba kali mfukoni. Sikuitoa.

Kipenga alizungumza kwanza. Alisema kuitwa kipofu ameshazoea, ndiyo ujira wa refa. Ila wengine wakimwita hivyo watu hucheka. Nilipomwita mimi, waliamini. Timu zimeacha kumwita. Wateja wanapeleka funguo zao kwingine. Akasema hata yeye mwenyewe aliniamini. Kila asubuhi hufunika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, akiitazama kalenda ukutani, na mkewe anajifanya hamwoni.

Nilijisikia mdogo kama herufi za mstari wa mwisho wa chati. Nikalia mbele yao, tena nikayafikicha macho, mimi ninayewakataza wagonjwa kila siku. Nimeomba radhi bila hila hata moja. Nimepewa onyo kali: leseni nabaki nayo, ila nikirudia, wanaichukua.

Kipenga alinisubiri mlangoni. Akauliza, kwa upole, kama naweza kumpima sasa, kwelikweli. Tulikwenda kliniki. Nikazima taa, nikatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwa aibu. Hakuna mtoto wa jicho. Nilipomwambia alinishika mkono kwa mikono yake yenye grisi. Sijawahi kufurahia jibu la mgonjwa namna ile.

Jumapili, 9 Juni

Fainali! Refa aliyepangwa anaumwa, kwa hiyo wamemrudisha Kipenga shingo upande. Mume wangu alinishika mkono tangu mwanzo, kwa mapenzi na kwa usalama. Kipindi chote cha kwanza sikufungua mdomo. Binti alinigeukia mara kadhaa kuhakikisha kwamba mimi ni mzima.

Lakini nyuma yangu wakaanza kunong'ona: refa huyo haoni, Mama Macho alisema mwenyewe. Roho ikaniuma. Niliyemharibia jina ni mimi, wa kumsafisha ni nani kama si mimi? Wakati wa mapumziko nikampokonya mtangazaji kipaza sauti. Nikatangaza kwamba nimempima refa: hana mtoto wa jicho, presha ya macho safi, jicho la kulia zima kabisa. Na kwa kuwa daktari hadanganyi, la kushoto lina upungufu kidogo sana.

Makofi! Mume wangu alifunika uso.

Kipindi cha pili rafu zote zikahamia kushoto kwa refa. Zote akazipulizia filimbi.

Jumatatu, 10 Juni

Baraza limepiga simu kabla sijanywa chai. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa uwanjani, binti yake ndiye kipa wa wapinzani. Safari hii kosa ni kutoa siri ya mgonjwa hadharani bila idhini yake.

Kipenga amekuja mwenyewe. Amecheka mpaka akashika ukuta. Anasema wateja wamerudi, ila kila mmoja anahakikisha anasimama upande wa kulia. Atakuja kunitetea. Binti naye anakuja, hataki kusikia neno. Mume wangu ameninyooshea kola, akasema tu yaishe. Nawapenda watu hawa.

Nimejichunguza kwa uaminifu, nimeona nilipokosea. Kipaza sauti kile kilikuwa kibovu, waliokaa nyuma hawakusikia "kidogo sana." Kwa hiyo nimeagiza bango kubwa, herufi nene, lenye matokeo kamili ya jicho la kushoto. Litatundikwa langoni mwa uwanja Jumamosi.