Waya Tano za Vidole

Jumamosi, 1 Juni 1985
Nimemkosea mke wangu Lempi. Nilimwahidi sitaingia sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, mpaka waya zitolewe. Leo nimeingia.

Wiki ya nne hii tangu Daktari Palmroth anipasue mguu wa kulia. Baridi yabisi ilikuwa imevikunja vidole vikapandana. Akakata mifupa, akavinyoosha, akachomeka kila kimoja waya kama mshikaki. Ncha zinachungulia nje. Wiki sita bila sauna, bila kukanyagia vidole. Nikivumilia, kwenye mkesha wa katikati ya kiangazi nitacheza dansi ya tango na Lempi. Amengoja miaka saba. Viatu vyekundu ameshanunua.

Lakini asubuhi kaja Urho, kaka yake. Kasema, "Shemeji, Jumamosi bila sauna? Hata paka wetu ni dume kuliko wewe."

Nikubali hilo? Lempi alipokwenda kwa mama yake, nikaufunga mguu kwa mifuko miwili ya mkate, nikapanda benchi la juu. Mifuko inazuia maji. Moto haizuii. Waya zikashika joto kama vijiti vya kuchomea soseji. Nikaruka chini, nikatua kwa vidole. Kidole cha pili sasa kimepinda kando, kinaangalia Uswidi.

Jumapili, 2 Juni
Mpango. Lempi alipoleta kahawa nikanyoosha mguu njiani. Hakunigusa, ni pindo la gauni tu. Nikapiga yowe, nikamwambia kanikanyaga. Kikombe kikamtoka mkononi. Akaniomba radhi mara kumi. Nikamsamehe. Ndiyo, mimi nikamsamehe yeye.

Jumatatu, 3 Juni
Hospitali. Lempi kangoja nje. Daktari kaichomoa waya iliyopinda, kakifunga kidole na jirani yake kwa plasta. Kasema tango bado inawezekana, nikitulia. Kauliza nani kakanyaga. Nikasema mke wangu. Akaangalia alama za kuungua kwenye ncha za vidole, kimoja kimoja, akauliza kama mke wangu hutembea na makaa miguuni.

Nikasema ni mwanamke mwenye haraka.

Jumatano, 5 Juni
Lempi kavifunga vile viatu kwenye gazeti, kampa mke wa Urho. Anasema mguu uliomlemaza mume haustahili kucheza. Hakulia. Afadhali angelia. Nikala samaki na viazi bila kuinua macho. Nikaongeza sahani.

Alhamisi, 6 Juni
Basi, imetosha. Jumamosi tarehe 8, kabla ya kahawa ya jioni, nitakwenda kwa Urho kwa magongo yangu, nivichukue vile viatu, nimvalishe Lempi mwenyewe na kumwambia kila kitu. Urho acheke mpaka achoke.

Nitamwambia saunani. Kwenye lile benchi hakuna anayegomba wala kupaza sauti, ndivyo tulivyolelewa sote. Viatu vitangoja mlangoni. Daktari atasema nini? Waya zimebaki nne tu.

Na safari hii mifuko ya mkate ni mitatu.